Waya Mwembamba na Msomaji Wake

Kebo ya fiba inayotoka kwenye rauta kwenda kwenye kisanduku cha ukutani mara nyingi ina kipenyo cha milimita 2 tu. Ukiizungushia karatasi, mzunguko mmoja unakula milimita 6 na kitu. Na anayesimama mbele yake haoni mzunguko wote. Anaona upande unaomtazama, ukanda wa milimita 2, na hata huo umepinda. Hapo ndipo inapotakiwa paandikwe: "Ghorofa ya pili, chumba cha mikutano, tundu la 14".

Hapaandikiki. Nguzo ya simu hupigiliwa kibao cha namba, bomba la maji hupakwa rangi na kuandikwa herufi kubwa kama kiganja, lakini waya mwembamba hauna pa kuandikia. Tena haukai peke yake. Hukaa na wenzake 24, 48 au 600, wote wa umbo moja, na anayeutafuta kwa kawaida amepiga magoti nyuma ya kabati, tochi ya simu mdomoni, huku watu ofisini wanamuuliza mtandao utarudi lini.

Jamii mbalimbali zimekutana na shida hii kabla ya umeme kujulikana, na ukizilinganisha utaona majibu ni ya aina tatu. Alama hutiwa ndani ya kamba, kwa rangi au kwa uzi wa pekee uliosokotwa humo. Au hukaa juu yake: fundo, mkato, maandishi. Au huning'inia pembeni, kama kipande cha ngozi au kibendera cha plastiki. Aina hizo tatu zimezoeleka kiasi kwamba hatuulizi swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: nani alitarajiwa kuisoma alama hiyo, na je, ndiye anayeisoma leo?

Tuanze baharini, ambako kosa la kusoma lilizamisha chombo. Mabaharia wa Uingereza walipima kina cha maji kwa kamba yenye risasi mwishoni, kifaa ambacho manahodha wa pwani yetu wanakiita bildi. Kamba iligawanywa kwa pima, kila pima futi 6, lakini si kila pima ilitiwa alama. Kwenye pima ya 2 vilifungwa vipande viwili vya ngozi, kwenye ya 3 vipande vitatu. Ya 5 ilikuwa na kitambaa cheupe, ya 7 kitambaa chekundu, ya 10 kipande cha ngozi chenye tundu, ya 13 kitambaa cha buluu. Ya 15 ilirudia kitambaa cha 5, ya 17 ikarudia cha 7, na ya 20 ilikuwa na kamba fupi yenye mafundo mawili.

Mtu akiisoma orodha hiyo mezani atadhani ni mpango wa rangi. Mpimaji, hata hivyo, alifanya kazi usiku pia, mvua ikimchapa, mikono imelowa. Kitambaa cheupe kilikuwa kigumu na laini juu, chekundu kilikuwa sufu nyepesi ya kushonea bendera, cha buluu kilikuwa sufu nzito iliyofumwa kwa mistari ya mshazari. Vidole vilivitofautisha bila taa. Mkono ukifa ganzi kwa baridi, baharia alikipeleka kitambaa midomoni. Rangi ilimfaa mchana, na usiku kitambaa kilekile kikamfaa kwa namna nyingine. Kurudia alama ya 5 kwenye 15 hakukumchanganya mtu, kwa sababu aliyeteremsha kamba alijua ni kiasi gani kimeshapita mikononi mwake, na kwa hiyo alama chache zilitosha kamba ndefu.

Kuna jambo moja katika desturi ile ambalo sijaliona katika mfumo wowote wa lebo za kisasa. Mpimaji alipopiga kelele kumjulisha nahodha, maneno yake yalitofautiana kati ya pima yenye alama na pima isiyo na alama, ile aliyoikadiria kati ya kitambaa na kitambaa. Nahodha alijua papo hapo kama kinachosemwa kimeguswa au kimekisiwa. Lebo zetu zote zimechapwa kwa wino uleule mweusi, ya uhakika na ya kubahatisha.

Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na alama nyingine, hii ikiwa imefichwa ndani. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwisho wa karne ya 17, enzi za Mfalme William III, ilimkataza mtu binafsi kukutwa na kamba za serikali, na ikaeleza zitambulikeje: kamba za inchi 3 na zaidi zilisokotwa pamoja na uzi mweupe uliopindwa kinyume na wenzake, na zile nyembamba zaidi zilitiwa kitani chembamba mahali pa uzi huo. Hata watunga sheria, watu wa mezani, walitambua kwamba kamba nyembamba haibebi alama ileile ya kamba nene. Baadaye nyuzi za rangi zilitumika, na mwaka 1809 Goethe aliutaja uzi mwekundu wa kamba za jeshi la majini la Uingereza katika riwaya yake Die Wahlverwandtschaften. Mpaka leo Wajerumani wakizungumzia wazo linalopita katika kazi nzima ya mwandishi, huliita uzi mwekundu.

Msomaji wa uzi ule alikuwa hakimu. Mwizi hakuweza kuutoa bila kuifumua kamba nzima, na kamba iliyofumuliwa haina bei. Lakini uzi ulisema neno moja tu: hii ni mali ya mfalme. Haukusema kamba ni ya tanga lipi wala imekaa ghalani tangu lini. Alama za ndani ndivyo zilivyo kwa jumla. Hazichomoki, hazifutiki, na hazina maneno mengi.

Waliofanikiwa kuifanya kamba iseme mengi ni watu wa milima ya Andes. Khipu za dola la Inka zilikuwa na kamba moja kuu iliyoning'iniziwa kamba nyembamba, pengine kadhaa, pengine mamia, za pamba au za manyoya ya wanyama jamii ya lama. Mwaka 1912 Mmarekani Leland Locke alionyesha jinsi mafundo yake yanavyosomwa kama hesabu. Mahali fundo lilipo kwenye kamba panaonyesha mamoja, makumi, mamia. Mafundo ya kawaida ni ya makumi na kupanda. Kwenye mamoja hutumika fundo refu lenye mizunguko miwili hadi tisa, na moja yenyewe hupewa fundo la umbo la nane, kwa kuwa fundo refu la mzunguko mmoja haliwezekani. Pasipo na fundo ni sifuri. Katika khipu kadhaa kamba ya juu hubeba jumla ya zile zilizo chini yake, kwa hiyo msomaji aliweza kuukagua ukweli wa hesabu papo hapo.

Hapa kamba na lebo ni kitu kimoja. Hakuna karatasi ya kudondoka. Hata hivyo tunachosoma leo ni namba tu, na namba bila kujua za nini. Mafundo yanasema 132, na hatujui kama ni magunia ya mahindi, askari au watu wanaodaiwa kodi. Huenda rangi ndizo zilizosema hivyo, pamoja na upande ambao kamba ilisokotwa na upande ambao fundo lilifungwa, mambo ambayo mtafiti Gary Urton ameyaandikia sana. Aliyejua ni khipukamayuq, mtunza khipu aliyefunzwa kazi hiyo, na Wahispania walipovunja dola, na mwaka 1583 mtaguso wa Kanisa mjini Lima ukazipiga vita khipu zilizohusishwa na ibada za zamani, mlolongo wa wasomaji ulianza kukatika. Kamba zenyewe zipo, zaidi ya elfu moja zimehifadhiwa, nyingi kati yake Berlin. Hazijafutika hata kidogo, ila waliozisoma hawapo.

Au karibu hawapo. Mwaka 2017 mtafiti Sabine Hyland aliandika kuhusu khipu mbili zilizotunzwa na wanakijiji wa San Juan de Collata nchini Peru, zenye rangi 14 na nyuzi za manyoya ya wanyama sita tofauti. Wenyeji walimsisitizia kwamba nyuzi hizo hazitazamwi tu, zinapaswa kushikwa, kwa sababu manyoya ya mnyama huyu na yule yana maana tofauti. Mtaalamu aliyezipiga picha nzuri bila kuzigusa angerudi nyumbani na nusu ya maandishi. Baharia wa bildi asingeshangaa kusikia hivyo.

Kusini mwa Tanzania ya sasa kulikuwa na kamba ya mafundo iliyo nyepesi zaidi kuliko zote. Mjerumani Karl Weule, aliyezuru nchi ya Wamakonde mwaka 1906, alieleza jinsi mume anayesafiri alivyomwachia mkewe kamba yenye mafundo 11. Aligusa fundo la kwanza: leo naondoka. La pili: kesho nitakuwa njiani. Akaendelea hivyo hadi siku ya kufika, siku ya kukaa na siku ya kuanza kurudi. Mke alifungua fundo moja kila siku, na yalipokaribia kwisha alijua siku ya kupika. Mafundo yote yalikuwa sawa. Hakuna rangi, hakuna ukubwa, hakuna chochote cha kutofautisha la tatu na la nane. Maana yote ilikaa katika mazungumzo ya mlangoni, na ilitosha kabisa, kwa sababu msomaji alikuwa mmoja, anajulikana, na kamba ingekwisha kazi ndani ya siku 11. Nimeitaja kwa sababu kuna mafundi wa mitandao wanaodharau lebo ya namna hii. Wangeidharau kwa haki ikiwa waya wao utakaa ukutani miaka 15. Kwa waya wa kuazima wa sherehe ya siku moja, alama iliyoelezwa kwa mdomo si uzembe.

Kampuni za simu za Marekani zilikuwa na shida iliyo kinyume cha ile ya Mmakonde: nyaya maelfu, wasomaji maelfu, na miongo mingi mbele. Jibu lao, linalotumika hadi leo, ni la kihesabu na mimi naliona zuri sana. Nyaya za simu huenda mbili mbili. Chukua rangi tano za kundi la kwanza: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Chukua tano za kundi la pili: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Oanisha kila moja ya hizi na kila moja ya zile, unapata jozi 25, na kila jozi ina namba yake bila kuandikwa chochote. Nyeupe na bluu ni ya 1, zambarau na kijivu ni ya 25. Jozi zikizidi 25, kila fungu hufungwa kwa uzi wa rangi zilezile kwa mpangilio uleule, na kwa njia hiyo fundi hufika jozi ya 600 akiwa na rangi kumi tu kichwani. Ni alama ya ndani, haidondoki, na safari hii imepata maneno ya kutosha.

Masharti yake ni kwamba fundi awe amefundwa. Asiyeijua orodha anaona shada la rangi. Na orodha si moja. Fiba zilirithi mpango huohuo kwa nyuzi 12: katika mpangilio wa Kimarekani uzi wa kwanza ni wa bluu, wa pili chungwa, wa tatu kijani. Katika mpangilio wa Kijerumani wa kwanza ni mwekundu, wa pili kijani, wa tatu bluu. Uzi wenyewe, pamoja na ngozi yake ya rangi, una robo ya milimita, kwa hiyo hakuna namna ya kuuandikia maelezo. Fundi anayeunganisha kebo ya mzalishaji mmoja na ya mwingine lazima asome karatasi iliyokuja na kebo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Akiiamini rangi peke yake, bluu itakutana na bluu kwa unadhifu kabisa, na mteja wa uzi wa 1 atajikuta amefika kwenye mlango wa uzi wa 3.

Kwenye fiba kosa hilo linamgharimu mteja simu na fundi jasho. Kwenye umeme wa nyumbani linaua. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, uliokuja Afrika Mashariki pamoja na nguzo zenyewe, nyekundu ilikuwa waya wa moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Marekani nyeusi ni waya wa moto na nyeupe ni nyutro. Ujerumani, hadi miaka ya 1960, waya mwekundu katika nyaya za vifaa ulikuwa ethi. Tafakari hapo: rangi ambayo Mwingereza aliiogopa kuliko zote, Mjerumani aliifunga kwenye bati la pasi ili imlinde. Kifaa kilipovuka mpaka, hakuna aliyekosea kusoma. Kila mmoja alisoma vizuri kwa lugha ya kwao.

Mapatano ya Ulaya yalileta kahawia kwa waya wa moto, bluu kwa nyutro, na mistari ya kijani na njano kwa ethi. Mistari hiyo ina sababu nzuri. Miongoni mwa wanaume wa asili ya Ulaya, karibu mmoja katika kila 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na hizo ndizo zilizokuwa rangi za waya wa moto na ethi nchini Uingereza. Mstari unaonekana hata kwa asiyeona rangi. Uingereza ilizikubali rangi mpya kwa nyaya za vifaa kuanzia 1969, lakini kwa nyaya za ukutani ilingoja hadi 2004, na kuzilazimisha mwaka 2006. Hapo pakazuka jambo ambalo mafundi wa huko hulikumbuka kwa kuguna. Katika umeme wa fezi tatu wa zamani, bluu ilikuwa fezi ya tatu, ina moto, na nyeusi ilikuwa nyutro. Katika mpango mpya bluu ni nyutro na nyeusi ni mojawapo ya fezi. Rangi mbili zimebadilishana viti. Kwa miaka mingi ilibidi kubandika tangazo la tahadhari kwenye kila bodi yenye nyaya za mifumo yote miwili.

Kwetu mabadiliko hayo yaliingia polepole kupitia madukani. Jengo la miaka ya 1980 lina nyekundu na nyeusi, chumba kilichoongezwa majuzi kina kahawia na bluu, na ndani ya boksi la swichi zote zinakutana. Fundi mzuri haulizi hapo rangi gani ni gani. Anatoa testa.

Pengine mfano mkali kuliko wote uko hospitalini, kwenye mashine ya kupima umeme wa moyo, ECG, ambayo nyaya zake ni nyembamba na hubandikwa mikononi na miguuni mwa mgonjwa. Kwa utaratibu wa kimataifa unaofuatwa Ulaya, mwekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, mweusi mguu wa kulia. Kwa utaratibu wa Kimarekani, mweupe ni mkono wa kulia, mweusi mkono wa kushoto, mwekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Rangi tatu zimo katika orodha zote mbili, na hakuna hata moja inayokwenda kiungo kilekile. Hospitali zetu hupokea mashine za msaada kutoka pande zote mbili za Atlantiki, wakati mwingine mashine imetoka huku na nyaya za akiba zimetoka kule. Nesi aliyefunzwa kwa rangi za Ulaya akizifuata kwenye nyaya za Kimarekani, mashine haitakataa. Itachora mawimbi, mengi yakiwa yamepinduka, na daktari asiyeinama kuangalia nyaya anaweza kuanza kuwaza ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Nyaya hizo zina herufi pia: R, L, F na N kwa utaratibu wa kwanza, RA, LA, LL na RL kwa wa pili. Herufi hazipingani kama rangi zinavyopingana. Anayesoma herufi ataokoka, lakini herufi ni ndogo, zinafutika kwa spiriti ya kusafishia, na mkono wenye haraka hufuata rangi kabla jicho halijasoma. Kwa maoni yangu rangi imepewa sifa kuliko inavyostahili. Ni lugha ya watu wanaojuana. Wageni wakiingia, ni afadhali isiwepo kuliko iwepo ikisema jambo jingine kwa ujasiri uleule.

Waliolielewa hilo vizuri ni watengenezaji wa ndege. Ndani ya ndege nyaya nyingi zimevikwa plastiki nyeupe, kana kwamba waliamua kwa makusudi kuinyamazisha rangi. Badala yake kila waya umechapwa maandishi mwilini mwake. Tuseme umeandikwa P214B22N. P inasema ni wa umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri, 214 ni namba yake, B inasema hiki ni kipande cha pili baada ya kiungio, 22 ni unene, N inasema unaishia kwenye mwili wa ndege. Mwongozo wa Marekani unataka maandishi hayo yarudiwe kila baada ya inchi zisizozidi 15, kama sentimita 38, ili popote paneli itakapofunguliwa, fundi asiyewahi kuiona ndege hiyo akute jina. Kipande kifupi kuliko inchi 3 kimesamehewa.

Hapo wembamba ulirudi kudai chake. Waya wa namba 22 una kondakta isiyofika milimita moja, na plastiki inayoufunika ni nyembamba kuliko robo ya milimita. Zamani herufi zilipigwa kwa chuma cha moto juu ya utepe wa wino, na chuma kikishuka kwa nguvu kidogo tu, herufi ilitoboa plastiki. Lebo iliyowekwa kwa ajili ya usalama ikawa ufa wa kupitishia shoti. Siku hizi hutumiwa leza ya ultravaileti, ambayo haikwangui wala haichomi. Plastiki hiyo imetiwa taitaniamu dioksaidi, unga uleule unaotia weupe rangi za ukutani, na mwanga wa leza huugeuza uwe na weusi mahali unapopiga. Herufi inakuwa ndani ya plastiki, si juu yake. Maneno mengi kama ya kibendera, uimara kama wa uzi wa mfalme. Ni mashine ya bei, na hakuna atakayeifunga kwenye duka la simu.

Kwenye duka la simu kuna maka peni, tepu ya umeme na koleo. Angalia mafundi wanaofunga kamera za ulinzi kwenye jengo la ghorofa mbili. Kebo nane zinavutwa ndani ya paipu moja, zote za kijivu, zote kutoka katoni moja. Kabla ya kuvuta, fundi anaminya ganda la kila kebo kwa ncha ya koleo: mkato mmoja kwa ya kwanza, miwili kwa ya pili, mpaka minane. Kisha anapanda juu.

"Dogo, hiyo uliyoshika ina mikato mingapi?"

"Miwili, fundi. Hapana, mitatu."

"Pitisha kucha, usitazame."

Dogo anapitisha kucha. Ni mitatu. Wino ungefutwa na vumbi la paipu, karatasi ingechanika kwenye kona ya kwanza, na juu ya dari hakuna mwanga. Mbinu hiyo haiko katika mwongozo wowote wa kiwandani, na kwa kazi ya kuvuta kebo naiweka juu ya lebo yoyote ya kununua. Ina sharti moja ambalo vijana hujifunza kwa hasara: mkato uwekwe nusu mita kutoka mwishoni. Ukiwekwa kwenye ncha, utakatwa pamoja na ncha siku ya kubana kichwa, na kebo nane zitarudi kuwa mapacha.

Baada ya kubana vichwa ndipo lebo ya kudumu inapohitajika, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuchagua karatasi ya gundi na kuizungusha. Joto la dari huikausha gundi, karatasi inajikunjua na kuanguka, au gundi inayeyuka na lebo inateleza hadi kwenye kebo ya jirani. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa kuwa lebo iliyohama bado inasomeka. Kwa kebo ya unene wa kalamu, inafaa ile lebo yenye mkia angavu: sehemu nyeupe yenye maandishi hulala kwanza, mkia wa plastiki unaizunguka na kuifunika, gundi inajishika yenyewe. Kwa kebo ya milimita 2 hata hiyo haisaidii sana, maana maandishi yanapinda nyuma na hayaonekani yote. Hapo kibendera ndicho suluhisho. Utepe unaikumbatia kebo, pande mbili zinabandikwa mgongo kwa mgongo, na maandishi yanakaa bapa pembeni. Kinakwama kwenye nyaya nyingine, kweli, na kwenye kabati lililojaa kinakera. Lakini kinasomwa. Kimoja kila ncha, vyote viwili vikiwa na maneno yaleyale.

Maneno gani, hapo mafundi hawakubaliani. Wengine huandika kazi: "Kamera ya geti". Wengine huandika namba tu: 07. Jina la kazi husomwa na yeyote, hata mlinzi, ila kamera ya geti ikihamishiwa stoo lebo inageuka kuwa uongo, na hakuna anayekumbuka kuibadilisha. Namba haiwezi kusema uongo kwa kuwa haisemi kitu. Inahitaji orodha, na orodha ikipotea tumerudi Lima ya 1583. Mimi huchagua namba, pamoja na orodha iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati lenyewe, si kwenye kompyuta ya mtu atakayeacha kazi. Tena iandikwe kwa penseli, ili kubadilisha mstari mmoja kusihitaji ruhusa ya mtu wala printa.

Mikato ya koleo, kwa upande wake, fundi wa pili hataijua. Atapita juu yake akiifikiria michubuko ya kuvutia kebo, ataipigia simu namba ya fundi wa kwanza, simu haitapokelewa, na ataanza kuchomoa moja moja huku kijana amesimama mbele ya skrini akisema ipi imezimika.